Karo la Watu 50

Nilienda kuiona filamu hii kwa sababu ya karo, lile shimo la kutulizia maji machafu ya choo. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye huwa namzibulia chemba kila mwaka kabla ya masika, alinipigia simu akasema, "Fundi, Upanga wanaonyesha picha ya Kijapani bure. Humo ndani kijiji kizima kinagombana na wawekezaji juu ya karo la choo. Nenda kaone." Nikaenda. Nina miaka 16 kwenye ufundi bomba hapa Dar, na sijawahi kuona filamu, iwe ya kwetu iwe ya nje, ambamo watu wanakaa chini wakahesabu karo linabeba watu wangapi.

Inaitwa Evil Does Not Exist. Kwa Kijapani ni Aku wa Sonzai Shinai, na mimi kwa Kiswahili ningeiita Uovu Haupo. Ameitengeneza Ryusuke Hamaguchi, yule ambaye filamu yake ya Drive My Car ilipata Oscar ya filamu bora ya kimataifa mwaka 2022. Hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 2023, ikaondoka na Tuzo Kuu ya Majaji. Ina saa moja na dakika 46, na katika dakika hizo watu hawapigi kelele ila mara moja au mbili.

Ukumbi wa Upanga ulikuwa mdogo, viti vya plastiki, tulikuwa watu thelathini hivi. Taa zilipowashwa palikuwa na mazungumzo. Kijana mmoja akasimama akauliza swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Alisema filamu ni nzuri, lakini haina mchanganyiko wa watu: tangu mwanzo mpaka mwisho ni Wajapani watupu. Sisi tunaambiwa siku hizi habari ya uwakilishi, akasema, sasa humu nani anatuwakilisha? Wengine wakamjibu kwamba kijiji cha Japani kitajaa Wajapani kama kijiji cha Rufiji kinavyojaa watu wa Rufiji, basi, yakaisha. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa bado naona ule mkutano wa karo. Nilitaka kwanza mama yangu aione.

Mama alikuwa kwangu Tabata kwa wiki tatu, amekuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Anatoka Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na jicho lake la kulia lilikuwa limeziba karibu kabisa. Bandeji ilipotolewa alikaa kibarazani akitazama mchicha wa jirani kwenye ndoo, akasema, "Kumbe kijani bado ipo." Baada ya siku kadhaa, daktari aliporuhusu, nikaunganisha kompyuta ya mwanangu kwenye runinga, tukakaa.

Filamu inaanza na miti. Kamera imelala chali kama mtoto mgongoni kwa mama yake, inasogea taratibu chini ya matawi ya msimu wa baridi, muziki wa Eiko Ishibashi unapanda, vinanda vya kuumiza moyo, dakika baada ya dakika. Upanga, hapo ndipo watu wawili mbele yangu walitoa simu zao. Mama hakutingishika. Alikuwa anaangalia matawi kwa jicho jipya, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Halafu muziki ukakatika ghafla, kama umeme wa Luku ulioisha katikati ya wimbo. Akanigeukia: "Umeharibika?" Nikamwambia hapana mama, ndivyo walivyotaka.

Nilikulia Morogoro mjini kwa shangazi, kwenye vibanda umiza vya kuonyesha video, enzi za kanda za Lufufu, yule msimulizi aliyezitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili. Kwa hiyo kazi ya kumtafsiria mtu sinema naijua: unasema unachosikia, na pasipo na maneno unatia chumvi. Filamu hii haikubali chumvi. Maandishi ya Kiingereza chini ni machache, na dakika nyingi hapana cha kutafsiri. Takumi, baba mmoja wa makamo, anakata magogo kwa msumeno wa injini, kisha anapasua kuni kwa shoka. Anapasua, anapanga, anapasua. Mtu aliyezoea picha zetu atasubiri jambo litokee. Mama alisema neno moja tu, "Anajua," na kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Halafu maji. Takumi na mwenzake wako kijitoni, wanachota kwa kata na kujaza madumu, wanayabeba hadi garini. Ni maji ya kupikia tambi za udon kwenye mgahawa wa kijiji. Kata ni ndogo, dumu ni kubwa, na kamera inangoja. Mama alisogeza kiti. Alikuwa anaangalia kama mchotaji anatibua chini. Hatibui. Nilimwona akilegeza mabega.

Nikirudi kwa yule kijana wa Upanga, jibu langu naanzia hapo kwenye kata. Nimeona picha nyingi za Kibongo zenye mtu wa kijijini ndani. Anavaa shati lililochanika, anaongea kwa lafudhi ya kuchekesha, anashangaa lifti. Kazi yake ni kuchekwa hadi pale atakapofika mjini akaharibiwa au akatajirika. Waluguru tumechekwa sana kwa njia hiyo. Sijawahi kuona kwenye picha hizo mtu wa kijijini akifanya kazi yake kwa ustadi, kwa muda ule ule ambao kazi inachukua, na kamera ikamheshimu kiasi cha kunyamaza. Takumi si wa rangi yangu wala lugha yangu. Lakini mama yangu, aliyechota maji mtoni tangu akiwa na miaka sita, alikaa mbele ya runinga na kwa mara ya kwanza akaona mtu anayejua anachokijua yeye.

Kisa chenyewe si kirefu. Mizubiki ni kijiji cha kubuni, milimani, si mbali na Tokyo. Takumi ni mtu wa kazi zote hapo, anaishi na binti yake Hana wa miaka minane. Kampuni ya Tokyo inataka kujenga kambi ya mahema ya kifahari, kwa watu wa mjini wanaotaka kulala porini lakini kitanda kiwe kizuri. Ni kampuni ya kusimamia wasanii. Utalii hawaujui hata kidogo. Wameufuata kwa sababu kuna ruzuku ya serikali ya wakati wa korona na muda wake unakwenda kwisha. Wanawatuma wafanyakazi wawili, Takahashi na Mayuzumi, waje kuongea na wanakijiji.

Mkutano unafanyika kwenye ukumbi wa kijiji. Wageni wanaonyesha video yenye muziki mtamu. Halafu wanakijiji wanauliza. Kambi ni ya watu 64. Karo ni la watu 50. Uchafu wa hao 14 unakwenda wapi? Chanzo cha maji ya kijiji kiko wapi na karo liko wapi? Usiku nani analinda, maana wageni watawasha moto na msitu ni mkavu? Anauliza kijana mwenye nywele zilizotiwa rangi, kwa hasira, hadi Takumi anamzuia asiwafuate mbele. Anauliza mama mwenye mgahawa wa udon, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alihama Tokyo akaja hapa kwa sababu ya maji haya haya. Ladha ya tambi zake ni maji. Anaongea mzee wa kijiji, kwamba aliye juu ya mto ana wajibu kwa aliye chini, kwa kuwa chochote afanyacho juu, hata kikiwa kidogo, huko chini kinafika kikubwa.

Nilisimamisha filamu nikamweleza mama hesabu ya karo, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo. Karo likiwa na nafasi ya kutosha, uchafu unatulia chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Ukilijaza watu kupita kiasi, maji yanapita kabla uchafu haujatulia. Tope linaingia kwenye shimo la kunyonya, linaziba ardhi, na siku ya mvua linapanda juu. Watu wa Mizubiki hawakwenda chuo cha ufundi, lakini hilo wamelielewa lote, na wanalisema bila kubabaika. Mama alisikiliza, akaniambia niendelee. Mzee alipomaliza kuongea akasema, "Huyo hajapewa kitu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2012 kijijini kwetu walikuja watu na gari mbili, wanataka eneo la kujenga nyumba za wageni karibu na chanzo cha maji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, jambo la namna hiyo lazima lifike mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Mkutano ukaitishwa kweli. Zikaletwa kreti za soda. Daftari la mahudhurio likazungushwa, watu wakaandika majina na kutia saini, au dole gumba kwa wasiojua kuandika, mama yangu akiwa mmojawapo. Aliyesimama kuuliza habari ya maji aliambiwa maswali yatajibiwa mwishoni, na mwisho ulipofika gari zilikuwa zimewashwa. Baadaye ile karatasi ya mahudhurio ikatolewa mahali fulani kama ushahidi kwamba kijiji kimekubali. Mradi wenyewe haujasimama hadi leo. Yamebaki mawe ya mipaka yaliyopakwa chokaa, na ndugu wawili wasiosalimiana.

Kwa hiyo unisamehe nikisema kwamba dakika za ule mkutano wa Mizubiki ndizo nilizoziona mimi kuliko filamu nzima. Hakuna anayekatishwa. Mwenye hasira anapewa nafasi, mwenye upole anapewa nafasi, mzee halazimiki kupiga meza. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu hazifanani. Mwanzoni nilidhani nitaona kundi moja la wanakijiji wenye sura moja na neno moja. Nikaona watu saba au wanane tofauti kabisa. Huo ndio mchanganyiko ninaoujua mimi wa kijijini, ambao ukiwa mjini huuoni. Mtu wa mjini akiangalia kijiji anaona mti mmoja wa porini ulionakiliwa mara mia.

Na kuna jambo Takumi analisema pale ambalo lilimfanya mama aniombe nirudie. Anasema eneo lile lilifunguliwa baada ya vita, watu wakapewa ardhi waanze kulima, na yeye ni kizazi cha tatu cha hao waliokuja. Kwa maana hiyo hapo kila mtu ni mgeni. Yeye hakatai maendeleo na hakatai wageni. Anachosema ni kwamba ukizidisha, mizani inavunjika. Mama akauliza, "Na wao walihamishwa?" Nikasema hapana, walipewa ardhi. Akanyamaza kidogo, akaanza habari ya upande wa marehemu baba, Kilosa, walivyosombwa kwa malori mwaka 1974 kupelekwa kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji, na bibi yangu mzaa baba alivyobeba mlango wa nyumba yake kichwani kwa sababu hakutaka kuuacha. Miaka yangu yote sikuwahi kuisikia habari ya mlango. Filamu ilikaa imesimama kwenye uso wa Takumi karibu nusu saa.

Sasa nije kwa wale wawili waliotumwa, maana hapo filamu ilinishika pabaya.

Mwaka 2017 mtu mmoja alinipa kazi ya nyumba ya kulala wageni, vyumba 22. Nisitaje mahali. Eneo lilikuwa dogo, na alitaka karo ambalo mimi kwa uzoefu wangu naliona ni la familia ya watu wanane. Nilimwambia. Akanijibu, "Fundi, hawatajaa wote siku moja." Nilikuwa na ada ya mtoto ya kulipa mwezi ule. Nikajenga. Masika ya mwaka uliofuata shimo likakataa kunyonya, na mwenye nyumba akafanya kile ambacho kila mtu wa Dar anakijua: kutapisha. Mvua kubwa ilipoanza usiku, wakafungua, uchafu ukaondoka na maji ya mvua kuelekea bondeni. Bondeni kulikuwa na kisima cha mama mmoja muuza maandazi. Nilimfahamu, nilikuwa nakunywa chai kwake.

Takahashi na Mayuzumi ni mimi. Hawana nia mbaya na mtu. Wamepewa karatasi ya kusoma mbele ya watu, na kila wakijibiwa wanaona wenyewe kwamba karatasi haina majibu. Wakirudi Tokyo wanamwambia bosi ukweli: wanakijiji wana haki, karo halifai. Bosi na mshauri wake, aliyeko kwenye video ndani ya gari, wanawarudisha kijijini na mpango wa kumpa Takumi kazi ya ulinzi wa kambi, yaani wamnyamazishe kwa mshahara. Njiani wanaongea ndani ya gari, mazungumzo marefu ya watu wawili waliochoka na kazi zao, upweke, ndoa, maisha yaliyokwenda upande. Mayuzumi aliwahi kufanya kazi ya kuwahudumia wasiojiweza, na unaona kwamba yeye ndiye anayesikia mkutanoni, wakati mwenzake anajitetea. Mtengeneza filamu mvivu angewafanya mashetani wa mjini. Huyu amekaa nao garini kwa muda ule ule aliokaa na Takumi kwenye kuni.

Takahashi akifika anaomba ajaribu shoka. Anakosa, anakosa tena, Takumi anamwelekeza asimame vipi, na gogo linapasuka. Furaha yake ni ya kitoto. Papo hapo anaamua ataacha kazi ahamie kijijini. Wanakwenda kula udon, anasema chakula kimempasha moto mwili, na mwenye mgahawa anamwambia kwamba hilo halihusu ladha. Mama alicheka hapo, cheko la kweli. Dada na kaka zangu wa Dar wanaoshuka Matombo sikukuu wakapiga picha na kapu la ndizi wakasema "huku ndiko kwenye maisha" wanafahamika nyumbani kwa cheko hilo hilo.

Na filamu haimdharau. Inamwacha atamani. Inamwonyesha tu kwamba kutamani si kujua, na kadiri siku inavyokwenda unaona ni mambo mangapi hayajui: swala wa huko, wale wakubwa wenye pembe za matawi, wanapita njia gani, mti upi una miiba. Takumi anaeleza kwamba kambi itakaa juu ya njia yao. Takahashi anasema si watakwenda kwingine. Takumi hajibu. Ukimya ule nilimwachia mama bila kutafsiri.

Nina malalamiko yangu. Hana, yule mtoto, anapendwa sana na kamera lakini haongei. Anaokota manyoya ya ndege, anajua majina ya miti, anatembea peke yake msituni kwa sababu baba yake husahau kumfuata shule, jambo lililomuudhi mama yangu mno. Lakini sikuwahi kujua anataka nini, anamwogopa nani, ana rafiki gani. Mama yake hayupo. Yupo kwenye picha tu na filamu haisemi lolote. Filamu iliyompa kila mtu mzima mkutanoni sababu yake ingeweza kumpa mtoto huyu sentensi tano. Badala yake amebebeshwa maana, kama kinyago kizuri.

La pili nililipata kwa dada mmoja pale Upanga, aliyesoma Japani. Alisema katika mkoa wa Nagano, wenye milima ya namna ile, kuna kijiji cha Kawakami kinachosifika kwa saladi, na kwa miaka mingi mashamba yake yamebebwa na vibarua kutoka nje, Wachina, Wavietinamu, Wafilipino, wanaoingia kwa viza za mafunzo. Japani imezeeka, karibu watu 29 katika kila 100 wana miaka 65 na zaidi, na vijana wamekimbilia mijini. Shamba halilimwi na hewa. Kwa hiyo swali la yule kijana halikuwa la kipuuzi kama lilivyochukuliwa. Hakuwa na haja ya kumtafuta Mwafrika Mizubiki. Lakini Mvietinamu anayekata saladi alfajiri yupo kwenye milima ile, na kwenye filamu inayosema wote hapa ni wageni, yeye angekuwa na la kusema juu ya nani anahesabiwa mgeni. Hapo naona pengo. Halinipunguzii heshima yangu kwa filamu. Naitamani filamu nyingine ya pili, yenye mkutano ule ule na kiti kimoja zaidi.

Takumi, kwa taarifa yako, ameigizwa na Hitoshi Omika, ambaye hapo kabla alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa nyuma ya kamera kwenye kazi za Hamaguchi. Haonekani kama mwigizaji. Uso wake haukuombi chochote.

Ukitaka kuiona, iangalie usiku nyumba ikiwa imelala, sauti juu. Usiianze ukiwa na njaa ya vituko. Mwisho wake sitausema. Nitasema tu kwamba ni mgumu, kwamba Upanga watu walitoka wakibishana hadi kituoni, na kwamba mimi nimeuona mara mbili na bado nabadilisha mawazo juu ya kilichotokea kwenye ule uwanja wenye ukungu. Sidhani kama Hamaguchi alitaka tukubaliane. Nimempa nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu naidai kwa ajili ya Hana.

Sehemu ya mwisho sikumtafsiria mama kitu, kwa kuwa hawaongei. Kipaza sauti cha kijiji kinatangaza mtoto amepotea, watu wanaingia msituni na tochi, wanaita. Alikaa mbele kabisa ya kiti, mkono mmoja umefunika jicho la kushoto, anatazama kwa lile jipya tu. Ilipokwisha, majina ya Kijapani yakianza kupanda kwenye giza, aliuliza, "Maji ya huyo mzee, yanashukia wapi?" Nikasema filamu haisemi. Akasema, "Yetu yanashukia kwenu."

Ni kweli. Ruvu inaanzia Uluguru, na Dar inakunywa Ruvu. Oktoba 2022 mto ulipopungua tukawekwa kwenye mgao, na nakumbuka nilimpigia simu Matombo kulalamika, kana kwamba yeye ndiye amefunga.

Akainuka taratibu, akachukua ndoo uani, akaenda kujaribu bomba, kwa kuwa mtaani kwetu maji hutoka usiku. Bomba lilikohoa hewa mara tatu. Akaiacha ndoo chini yake wazi, akarudi kulala.